Mvinyo Mwekundu, Fungu la Babu

Kijiko kilikuwa kinagonga ndani ya jagi, polepole, kama mtu anayekoroga huku anaogopa kusikiwa. Alfajiri ilikuwa bado, hata muadhini wa huku kwetu Wazo hajaanza kukohoa kwenye kipaza sauti. Nikajua ni Jonas. Mjukuu wangu huyu akiwa na jambo moyoni halali, na asipolala hufanya kazi yoyote ya jikoni itakayomjia mkononi. Nikamwacha akoroge. Nilidhani anatengeneza maji ya limau ya kubeba njiani.

Nilipoamka kweli nilimkuta ameosha jagi na kijiko, amefuta meza, na amenichemshia chai. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu. Sikuuliza. Kijana wa Dar es Salaam mwenye vidole vyekundu amekula ubuyu, na mtu anayekwenda kuposa ana haki ya kula ubuyu alfajiri kama unamtuliza.

Ilikuwa Jumapili, na tulikuwa tunakwenda Buguruni kwa mara ya pili kuomba tupewe Editha.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mshenga wetu alikuwa Mzee Fakihi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi ni Mkatoliki kutoka Kusini, yeye ni Mwislamu wa hapa hapa pwani, lakini siku nilipohamia Wazo na kitanda kimoja na Jonas mgongoni, mkewe, Bi Tunu, alinipa makaa ya moto kwenye kifuu nikawashie jiko, na hakuacha kunipa vitu tangu siku hiyo. Kwa hiyo Jonas alipokuwa mtu mzima, akapata kazi kiwandani, akapata na mchumba, sikuwaza mshenga mwingine. Mzee Fakihi ana sauti nzuri na hana haraka. Akisema jambo, hata wanaomkatalia wanamkatalia kwa adabu.

Basi akasema, tukasikilizwa. Fungu la mama katika mahari likakubalika. Fungu la wajomba likakubalika. Likabaki fungu la babu, na hapo kila mtu alianza kunyoosha miguu, maana fungu la babu ni utani tu. Kwetu Kusini babu na mjukuu wake wa kike wanaitana mume na mke tangu mtoto anapojifunza kusema, na bibi na mjukuu wake wa kiume vilevile. Mimi Jonas namwita mume wangu mpaka leo. Sasa anayekuja kuoa anamnyang'anya babu mke wake, na lazima amfute machozi. Babu ataomba blanketi, au koti, au ugoro. Watu watacheka, watapiga makofi, mambo yatakwisha.

Babu yake Editha, mzaa mama, anaitwa Mzee Albano. Alikuwa mchonga vinyago, mzee mrefu, mkavu, mwenye masharubu meupe na vumbi jeusi la mpingo kwenye mistari ya viganja ambalo sabuni haikuwahi kulitoa. Alisema blanketi analo. Koti analo. Ugoro aliacha.

"Nataka mvinyo mwekundu wa Mosel," akasema. "Nisipouonja, mke wangu hatoki."

Watoto wake wakaguna wote kwa pamoja, kama watu wanaosikia redio ya jirani ikifunguliwa tena. Tukaelezwa. Katika ujana wake, kabla ya Vita Kuu ya Pili, Mzee Albano alikuwa akisaidia jikoni kwenye misheni moja ya Wajerumani huko Kusini, chini ya mtawa aliyeitwa Bruda Vendelini. Bruda huyo alizaliwa kwenye bonde la mto Mosel, na alikuwa na mvinyo wa kwao, mwekundu, na alimwonjesha. Ladha ile Mzee Albano hakuisahau. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwamini. Kila anayejua mambo ya mvinyo anajua kwamba bonde lile ni la mvinyo mweupe. Mapadri wamemwambia. Mtu mmoja aliyekuwa mhudumu wa meli amemwambia. Kilabuni Buguruni walimbandika jina la Mzee Mwekundu, na watoto wa mtaani wakalichukua.

Tulicheka kidogo kwa sababu wenyeji walicheka. Lakini nilimwona Editha nyuma ya pazia la mlango, naye hakucheka. Kwetu neno la babu aliyekaa juu ya mkeka wa posa halikatwi na mtu mwingine. Baba hawezi, wajomba hawawezi, padri hawezi. Analikata mwenyewe, au linabaki. Tukarudi Wazo na posa iliyoning'inia.

Jonas akaanza kutafuta. Zilikuwa zile enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa. Sisi tuliopanga foleni ya sukari na kuogea majani ya mpapai kwa kukosa sabuni tulikuwa tunaingia dukani kutazama tu, tunashika makopo, tunayarudisha. Jonas alizunguka maduka ya mjini kila siku aliyopata nafasi. Aliona mvinyo mwekundu wa Dodoma, wa Italia, wa Ureno, wa Afrika Kusini. Akiuliza wa Mosel, anaonyeshwa mweupe, na wenye maduka wanamwangalia kama mtu aliyeulizia maziwa ya kuku.

Kiwandani kwake palikuwa na fundi wa Kijerumani, Bwana Lorenzi, kijana tu, aliyeletwa kufunga mashine. Jonas akamwuliza naye. Kumbe kwao Lorenzi ni bonde lile lile. Alicheka mpaka akavua kofia ya chuma. Akasema ukoo wake wote unakunywa mweupe, tangu babu wa babu, na mwekundu wa Mosel hajawahi kuusikia. Kisha akaona uso wa Jonas, akaacha kucheka. Kesho yake alikuja na chupa yake ya mwisho, mvinyo mweupe aliotoka nao nyumbani, ameizungushia taulo ili isivunjike, akasema mpelekee mzee, labda atakubali huu. Lorenzi mimi sikuwa nimemwona hata siku moja, lakini nilimwombea.

Ila mimi hayo yote niliyajua baadaye. Jonas aliniambia jambo moja tu, kwamba amepata chupa ya Mosel. Rangi hakutaja. Na chupa yenyewe ilikuwa ya kijani, huwezi kuona kilichomo.

Mzee Fakihi alifika akiwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akaiangalia chupa juu ya meza kwa mbali.

"Bibi Margareta," akaniambia, "mie nitabeba maneno. Hicho kingine mtabeba nyie."

Nikaizungushia kanga nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Bi Tunu alitusindikiza mpaka barabarani, na kabla hatujaondoka alimtumbukizia mumewe kitu mfukoni, akimsema kwamba koo lake hukauka akihutubia na safari iliyopita alikohoa mbele ya wakwe. Nilipenda namna alivyomwekea kofia sawa alipomaliza kumsema.

Buguruni walikuwa wanatungoja. Mkeka umetandikwa, vikombe vimepangwa, na Mzee Albano amekaa peke yake kwenye kiti cha mpingo alichokichonga mwenyewe, masharubu yamechanwa. Jonas akakaa karibu na mlango, magoti yamebanana. Editha alikuwa jikoni na shangazi zake, tunawasikia wakihamisha sufuria.

Mzee Fakihi akafungua. Akasalimia kwa heshima zote, akakumbusha tulikoachia, akasema mume mwenye mali ameomba machozi yake yafutwe kwa kitu ambacho dunia nzima inasema hakipo, na kijana huyu hakusema hakipo, ametafuta. Akanigeukia. Nikaifungua kanga.

Jonas akatoa kizibo. Kilitoka upesi, akasema alikilegeza nyumbani ili wazee wasihangaike. Akamimina kwenye bilauri ya chai na kumpa Mzee Albano kwa mikono miwili.

Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu kiasi kwamba mama yake Editha alifunika mdomo kwa mkono. Baba yake Editha, ambaye nadhani amesikia habari za Bruda Vendelini tangu siku aliyoposa yeye, akasogea mbele mpaka akatoka kwenye mkeka.

Mzee Albano hakuharakisha. Akaunusa. Akanywa kidogo, akafumba macho, akanywa tena. Tukaona koo lake likipanda na kushuka.

"Ndio wenyewe," akasema. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Mmeona? Ndio wenyewe."

Hapo nyumba ilifunguka. Wajomba wakaja kumshika mkono, wakamwita baba, wakasema tusamehe. Akasema wote wanywe, kila mtu, ili kesho kilabuni asiwepo wa kubisha. Bilauri zikaletwa. Mzee Fakihi akapewa soda ya baridi. Kidogo kikapelekwa jikoni kwa kina mama. Nami nikapewa changu. Nimezoea divai ya kanisani, na hiyo naiona tu ikinywewa na padri. Sasa kunywa mwenyewe, hata robo bilauri mchana, ni jambo lingine. Ulikuwa mtamu na mchachu pamoja, na ulikuwa na harufu fulani niliyoijua, lakini sikuweza kukumbuka nimekutana nayo wapi.

Kichwa kikawa chepesi. Nikasikia mtu anacheka, nikagundua ni mimi.

Mzee Albano akaniuliza mimi ni nani katika wizi huu. Nikamwambia ni mwenzake wa msiba, kwamba mke wake anamchukua mume wangu niliyemlea kwa uji wa ulezi. Akanitazama vizuri, akasema basi sisi wawili ndio tulioachwa, na hawa wengine wote wanasherehekea nini. Shangazi mmoja akasema kutoka jikoni kwamba walioachwa wanaweza kufarijiana. Mzee akamjibu kwamba yeye anafarijiwa na watu wenye meno. Nikamwonyesha yangu, yote yapo isipokuwa moja. Watu walicheka mpaka mjomba mmoja akamwaga bilauri yake kwenye suruali ya mwenzake, na aliyemwagiwa naye akacheka.

Ilikuwa katika kicheko hicho ndipo mama yake Editha alipoona kinywa cha baba yake.

"Baba, toa ulimi."

Akatoa. Ulikuwa mwekundu kama kitambaa cha bendera. Masharubu nayo yalikuwa yamepata ukingo wa waridi. Tukaanza kutazamana, kila mtu akamtolea mwenziwe ulimi, watu wazima, wakwe kwa wakwe, katikati ya posa. Zote nyekundu. Mzee Albano akasema hivyo ndivyo ulivyo mvinyo wa kweli, unaacha alama, hata wa Bruda Vendelini ulikuwa hivyo hivyo, anakumbuka vizuri sana. Akatuambia hizi takataka nyingine zinazouzwa huwezi kujua kama mtu amekunywa au hakunywa.

Mzee Fakihi, ambaye alikuwa amekaa kimya na soda yake akisubiri watu watulie, akaona ndio wakati wa kufunga maneno. Akasimama. Akafungua kinywa kushukuru.

Ulimi wake ulikuwa mwekundu.

Kisha Mzee Albano akapiga goti lake kwa furaha. Akasema mshenga ameonja kisirisiri, na kama mvinyo huu umemshinda hata bwana wa kanzu basi ni mvinyo haswa. Wajomba wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Mzee Fakihi usoni. Mtu ambaye hajawahi kuweka kilevi mdomoni tangu azaliwe, amekuja kutusemea kwa hisani tu, na sasa anachekwa.

"Wallahi sijagusa," akasema taratibu. "Mie nimekula ubuyu wa mke wangu. Huu hapa." Akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa mfuko mdogo wa nailoni, akaumwaga mkononi ili wote waone.

Zikaangukia kiganjani kokwa za ubuyu, nyekundu, zinang'aa kwa sukari. Na kile kiganja kilikuwa pembeni kabisa ya bilauri ya Mzee Albano.

Ilikuwa rangi moja. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile harufu. Ilikuwa ya kibaraza cha Bi Tunu siku za kupika ubuyu. Jonas alikuwa ameinamisha kichwa karibu kufika magotini, na zile ncha za vidole amezifumbata ndani ya ngumi.

Mzee Albano akachukua kokwa moja, akaiweka mdomoni, akaifyonza. Akaitoa. Akaiangalia, akaangalia bilauri. Aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama ameambiwa inavunjika.

"Huu ni mweupe uliotiwa rangi," akasema.

Jonas akaitika kwamba ndivyo.

"Nimekunywa ubuyu, nikasema ndio wenyewe. Mbele ya watu." Sauti yake haikuwa na hasira, na ningefurahi kama ingekuwa nayo. "Basi labda wanaosema nimeota wanasema kweli. Mtu anayekumbuka hawezi kudanganyika hivi."

Baba yake Editha akaanza kusema jambo kali kwa Jonas, habari ya kijana anayeanza ndoa kwa ulaghai, na wajomba wakaitikia. Mzee Fakihi akabaki amesimama na ubuyu mkononi, hajui aurudishe mfukoni au aushike. Nikaona posa yetu inavunjika mbele ya macho yangu. Nilitaka kusimama, lakini miguu na ule mvinyo havikupatana.

Pazia likasogea. Editha akatoka jikoni na aproni yake, akapiga magoti mbele ya kiti cha babu yake, jambo ambalo binti anayeposwa hatakiwi kulifanya. Anatakiwa asionekane kabisa. Shangazi zake wakamnong'oneza arudi. Hakurudi.

"Babu, mimi ndiye niliyemwambia atie rangi. Yeye alitaka kuja na mweupe aseme ukweli."

Mzee akamwuliza kwa nini. Akamwuliza kama naye alichoka kumsikia, kama wengine.

"Sijachoka," Editha akasema. "Mimi nakuamini tangu nikiwa mdogo. Ila wewe unaongea habari yake, na kuuona huuoni. Nilitaka uuone ungali na mimi humu ndani. Nikishatoka, nani angekutafutia?"

Mzee Albano akamtazama kinywani. Wote tukamtazama yeye. Kisha akasema, "Toa ulimi."

Editha akatoa. Mwekundu mpaka nyuma.

Kwanza ni mabega ya mzee yaliyotikisika, nikafikiri analia. Halafu tumbo. Halafu kicheko kikamtoka, kikavu, cha kukwaruza, kikamwinamisha mpaka akashika mkono wa kiti. Akasema amekuwa mume wa mwanamke huyu kwa miaka yote na leo anamtilia rangi kwenye kinywaji angali hai, je akifa. Editha akacheka na machozi. Mama yake akacheka. Ile hasira ya wajomba ilikuwa bado mbichi, lakini huwezi kukasirika vizuri na ulimi mwekundu; kila aliyefungua kinywa kukaripia alituonyesha wa kwake, ikawa basi.

Jonas akaja kupiga magoti karibu na Editha. Akasema kweli hakuamini, na anaomba radhi kwa hilo kuliko kwa rangi. Akamwomba mzee amsimulie upya, kuanzia mwanzo, maana siku ile ya kwanza alisikiliza jina la chupa tu, habari yenyewe hakuisikiliza.

Nadhani hilo lilimgusa Mzee Albano kuliko chupa. Akajiweka sawa kitini. Akasimulia kwamba Bruda Vendelini alikuwa mtoto wa mkulima, na baba yake alikuwa na kipande kidogo cha mizabibu myekundu katikati ya bonde zima la myeupe. Mwaka mmoja ikamfikia habari kwamba serikali mpya ya kwao imepiga marufuku mizabibu myekundu bondeni kote. Watu waing'oe, wapande myeupe peke yake. Bruda alikuwa amebakiwa na chupa moja. Akaifungua barazani, mchana, akamwita kijana wa jikoni akae karibu naye kwa kuwa hakutaka kuinywa peke yake. Alikunywa na alilia, na kila akijimiminia, alimmiminia na yeye.

"Ndiyo maana hawaujui," Mzee Albano akasema. "Waliozaliwa baadaye watajuaje kitu kilichong'olewa?"

Sote pale tulikuwa tumeishi bila sabuni. Watoto wetu wa sasa ukiwaambia kwamba tulipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kanga moja wanadhani tunatunga.

Mzee akanyoosha kiganja chake chenye vumbi la mpingo, akachukua mkono wa Editha, akauweka juu ya mkono wa Jonas. Akasema ametoa mke wake. Fungu lake liletwe siku litakapoonekana, na lisipoonekana, basi yeye ameshasikilizwa. Akamwomba Mzee Fakihi radhi kwa ule utani, tena kwa kusimama, na akamwomba yeye ndiye awe shahidi kwa kuwa ndiye peke yake katika nyumba ile ambaye hakuwa ameonja kilevi. Mzee Fakihi akafikiri, akasema atashuhudia, kisha akapitisha ubuyu kwa watu wote. Tulirudi Wazo tukiimba nyimbo za kanisa, na Mzee Fakihi katikati yetu anapiga makofi.

Harusi ilifungwa baada ya Pasaka. Editha akaja kukaa nasi Wazo, akajifunza kumsaidia Bi Tunu kupanga ubuyu kwenye mifuko, na mimi nikagundua kwamba sikupoteza mume, nimeongezewa mtu wa kunichekesha jikoni. Kila nilipolifurahia hilo nilimkumbuka yule mwenzangu wa Buguruni, ambaye yeye alipoteza kweli.

Jonas alikuwa amemweleza Lorenzi habari ya marufuku. Safari hii Lorenzi hakucheka. Alipokwenda kwao likizo alimwuliza bibi yake, na bibi akamwambia ni kweli, hata baba yake yeye aling'oa mizabibu yake myekundu, na watoto walikatazwa kuiongelea. Zaidi ya miaka hamsini ilipita hivyo. Ruksa ya kupanda tena ilikuja juzi juzi tu, na jirani mmoja amepanda kipande kidogo, kama anayejaribu. Bibi huyo alikwenda mwenyewe kwa jirani, kwa miguu, kuomba chupa moja kwa ajili ya mzee asiyemjua aliyeko Afrika. Huwa namfikiria sana bibi yule.

Chupa niliipeleka mimi, Jumapili baada ya misa. Jonas alikuwa zamu, na Editha alikuwa na ujauzito uliomlaza, akanituma na salamu nyingi. Mzee Albano nilimkuta barazani peke yake na patasi yake. Watoto wawili walipita wakamwamkia, "Shikamoo, Mzee Mwekundu," naye akaitikia marahaba kama ndilo jina alilobatizwa.

Nikamwambia ni nini na kimetokaje. Akasikiliza yote. Akaleta bilauri mbili, akaziosha ingawa zilikuwa safi, akafungua.

Haukuwa mwekundu sana. Ulikuwa mwepesi, ukiuinua unaona mwanga upande wa pili, na ulikuwa mchachu kidogo, kama zambarau ambayo haijaiva vizuri. Nilikunywa kidogo, nikamwangalia. Alikunywa, akangoja. Akanywa tena.

Nikamwuliza kama ndio wenyewe.

"Sijui," akasema. Akatabasamu kwanza kidogo, halafu tabasamu likamshinda nguvu. "Bibi Margareta, nimekaa na ladha ile mdomoni zaidi ya nusu karne, na sasa sikumbuki kabisa. Lakini ni mwekundu. Na ni wa kule."

Akaanza kucheka, nami nikamfuata. Tulicheka hivyo, wazee wawili juu ya baraza moja mchana kweupe, mpaka jirani akachungulia kuona kuna nini, na Mzee Albano akampa naye aonje. Jirani akasema mchachu. Mzee akamwambia ndiyo, mchachu, tena mwekundu, nenda kawaambie. Yule akaenda kweli.

Tukamaliza taratibu, kila akijimiminia ananimiminia na mimi. Aliniuliza habari za Editha, anakula nini, anacheka kama zamani, analala upande gani. Nilimjibu kila kitu nilichokijua. Jua liliposogea nikafunga kanga yangu vizuri, nikajaribu kusimama, ikabidi anishike mkono. Akanisindikiza hadi kona ya barabara, taratibu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeiamini barabara.

Pale kona hakuniachia mkono.

"Uje tena," akasema. "Chupa ikiwepo, isipokuwepo, wewe uje."